Batumbula wawili wa Kisangani

Wasomaji wetu wanajua habari za batumbula. Wazee waliokaa katika makambi ya migodi ya Katanga, huko Elisabethville na Kolwezi, wanaweza kuzisimulia mpaka usiku wa manane: namna gani, zamani za Wabeleji, mtu hakutaka kutembea peke yake jua likiisha kuzama, namna gani motokari iliyosimama njiani bila taa iliweza kukimbiza kambi nzima, namna gani wengine waliiogopa hata nyama ya kopo, wakisema: Nani ajuaye ni nyama ya nani? Kule pwani, Dar es Salaam na Mombasa, watu wa namna hiyo waliitwa mumiani. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, na motokari nyekundu ya kuzimia moto ilipopita, mama aliwaingiza watoto nyumbani. Jina ni mbalimbali, kazi ni moja: kuchukua damu ya mtu na kuifanyia biashara.

Leo hatutaki kubishana na wazee. Walimu wengi wamekwisha kuzicheka habari hizo, na kicheko chao hakikumponya mtu hofu yake. Twasema tu jambo moja, nasi twaomba msomaji alishike mpaka mwisho: neno hili limekwisha kuua watu wasio na kosa lolote. Mwaka 1959, mtaani Buguruni, Dar es Salaam, polisi mmoja aliuawa katika ghasia za mumiani. Mwaka 2016, katika wilaya ya Chamwino, upande wa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Mwaka 2017 nchi ya Malawi ilipaswa kukataza watu kutembea usiku katika wilaya za kusini, si kwa ajili ya wanyonya damu, bali kwa ajili ya wale waliokuwa wakiwawinda. Basi anayelitumia neno hili alitumie kwa uangalifu, kama mtu anayeshika panga katikati ya watoto.

Sisi tutalitumia. Tazameni sababu.

Mutumbula wa masimulizi ana alama zake, na kila mzee atakuambia zile zile. Anatoka mbali. Ana chombo chenye nguvu ambacho mwenyeji hana. Ana wasaidizi wa hapo hapo mjini, wanaojua mlango gani haufungwi vizuri. Kile anachokitwaa hakili peke yake, anakiuza. Tena, mashitaka yakifika mbele ya wakubwa, hakuna aliyemwona. Sasa tuulize: mji gani wa Kongo umepata kuona kwa macho, mchana kweupe, alama hizo zote pamoja, si kwa mutumbula mmoja bali kwa wawili, tena wakipigana wenyewe kwa wenyewe juu ya shingo ya mtu mmoja? Tunajibu: ni Kisangani, mwezi wa Juni mwaka 2000.

Vita hiyo inaitwa vita ya siku sita. Na kila tunapoisikia ikitajwa, tunasikia pia methali ile: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Inasemwa na wanasiasa, inasemwa redioni, hata wale waliopotewa na nyumba zao wanaisema huku wakitikisa kichwa. Sisi tunaikataa methali hiyo, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa hapa haina mahali. Tembo wawili wakipigana, wanapigania nafasi yao au jike lao. Majani yalikuwa pale kwa bahati mbaya tu, tembo hawakuyafuata. Lakini wale wawili wa Kisangani walikuwa wamefuata nini katika mji ulio mbali hivi na mipaka yao, mamia ya kilometa za msitu kutoka kwao? Walisema: usalama wa mipaka. Haya. Ni maadui gani wa mpaka waliokuwa wamejificha katika maduka ya kununulia almasi? Mji ule haukuwa majani chini ya miguu yao. Mji ule ndio uliokuwa chakula, na ugomvi ulikuwa juu ya nani ale kwanza.

Tuonyeshe namna ilivyokuwa, kwa maana vijana wengi waliozaliwa baadaye wanasikia jina la vita tu.

Wale wawili hawakuwa wageni kati yao. Jeshi la Museveni lilipoingia Kampala Januari 1986, ndani yake walikuwamo wakimbizi wengi Wanyarwanda, na Kagame alikuwa mmoja wao. Alikuja kuwa mkubwa katika upelelezi wa jeshi la Uganda. Kutoka jeshi lile walitoka wale walioingia Rwanda Oktoba 1990. Mwaka 1996 na 1997 majeshi hayo mawili yalimsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu. Tarehe 2 Agosti 1998 yalianza tena vita, sasa juu ya Kabila huyo huyo, kwa jina la chama kilichoitwa RCD. Tarehe 23 Agosti Kisangani ulikuwa mikononi mwao. Watu waliolala katika kambi moja, waliokula sahani moja, waliotumia bunduki za namna moja: wasomaji wasisahau hilo, maana kuna wanaosema hata leo kwamba ilikuwa bahati mbaya, askari wawili wasiojuana walikutana gizani.

Mwaka 1999 chama cha RCD kikapasuka vipande viwili. Kimoja kikabaki Goma, chini ya Rwanda. Cha pili, cha profesa Wamba dia Wamba, kikahamia Kisangani, chini ya Uganda. Mji mmoja, majeshi mawili, na kila moja lina chama chake cha Wakongomani cha kutembea nacho kama mtu anayetembea na fimbo. Mfanyabiashara hakujua alipe ushuru kwa nani, akalipa kwa wote wawili.

Kuhusu biashara yenyewe hatuhitaji kubuni neno. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika taarifa yao mwezi wa Aprili 2001. Walionyesha kwamba Rwanda na Uganda, nchi ambazo hazijulikani kuwa na machimbo yao ya almasi, zilikuwa zikiuza almasi ng'ambo. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hiyo. Mtu asiye na ng'ombe anauza maziwa kila asubuhi: jirani hana haja ya polisi ili aelewe. Hatusemi kwamba almasi peke yake ndiyo iliyowagombanisha. Kulikuwa na kiburi pia, mwalimu wa zamani na mwanafunzi aliyekua, na kila mmoja alitaka kuongoza vita ya Kongo. Lakini kiburi hakilishi majeshi mbali na kwao. Kinachowalisha ni damu ya mahali walipo.

Agosti 1999 walipigana mara ya kwanza, siku nne, katikati ya mji. Raia wengi walikufa. Wakapatana. Tarehe 5 Mei 2000 wakapigana mara ya pili, raia wakafa tena. Wakapatana tena, wakaahidi kutoka mjini na kuuacha bila askari. Watazamaji wa Umoja wa Mataifa walikuwapo Kisangani, wachache, pasipo nguvu ya kumzuia mtu. Na katika kupatana kwao mara zote mbili hakuna hata mtu mmoja wa Kisangani aliyeulizwa neno. Mbuzi haulizwi achinjwe upande gani.

Jumatatu tarehe 5 Juni ikafika.

Waganda walikuwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Wanyarwanda walikuwa upande wa mji. Daraja la Tshopo lilikuwa katikati, na mabomu yalipita juu ya mto kwenda na kurudi. Lakini bomu la mzinga halina macho. Liliruka likaanguka katika komini ya Tshopo, katika Makiso, katika Mangobo, katika Kabondo, mahali ambapo nyumba ni za matofali mabichi na za bati, zimebanana ukuta kwa ukuta. Umoja wa Mataifa ulihesabu mabomu zaidi ya 6,600 kwa siku zile sita. Tumefanya hesabu: ni mabomu 1,100 kila siku, ni karibu 46 kila saa, usiku na mchana. Msomaji achukue saa yake akae kitako kwa dakika moja na robo hivi, kisha ahesabu moja. Aendelee hivyo mpaka Jumamosi.

Umeme ukakatika, maji yakakatika. Watu walilala chini ya vitanda na nyuma ya magodoro. Hapakuwa na njia ya kwenda makaburini, basi maiti zilizikwa katika parseli, karibu na jiko, chini ya mwembe. Watu 65,000 walikimbilia msituni. Timu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyofika baadaye iliandika raia zaidi ya 760 waliokufa na 1,700 hivi waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika, na shule 69 zilizopigwa. Taarifa nyingine ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010, inaangalia zaidi maneno yake, inasema waliokufa walikuwa kati ya 244 na 760. Tunaziandika hesabu zote mbili, kwa kuwa hatupendi mtu aje kutuambia kwamba tumeongeza chumvi. Twamwuliza tu: hata kama ni 244, ni 244 kwa ajili ya nini?

Hospitali zilipigwa. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa pia. Jumapili iliyofuata, tarehe 11, ilikuwa Pentekoste.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo wapiganaji wenyewe hawapendi liangaliwe. Katika siku zote sita hakuna hata mmoja wao aliyesema anapigana kwa ajili ya watu wa Kisangani. Katika vita nyingi mwizi anajifanya mkombozi. Hapa hawakujisumbua hata kujifanya. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeanza. Mutumbula wa masimulizi angalau anaona haya: anakuja usiku, anazima taa. Hawa walifanya kazi yao mchana, mbele ya watazamaji wa dunia nzima, kisha wakabishana juu ya nani aliyepiga bomu la kwanza, kama kwamba bomu la pili halina mwenyewe.

Nani alishinda? Waganda waliondoka, Wanyarwanda na RCD yao ya Goma wakabaki na mji. Kuna watu mjini waliodhani: afadhali, sasa yupo mmoja, tutapumua. Mwezi wa Mei 2002 askari wengine wa mjini wakaasi, na RCD ya Goma ikalipiza kisasi. Watu waliuawa katika Mangobo, na maiti zikatupwa mtoni kutoka daraja la Tshopo. Ndiyo pumzi waliyoipata. Mshindi katika ugomvi wa namna hii hawi mlinzi wa mji. Anapata tu nafasi ya kukaa kitako na kula taratibu.

Hapa mtu atatupinga. Atasema: Ninyi mnaandika katika gazeti la heshima, mbona mnawaita viongozi wa nchi jirani batumbula? Hayo ni matusi. Tunajibu: tumelitoa jina kwa kufuata alama, moja moja, na kila alama ina tarehe yake. Anayeona kwamba alama moja si kweli, aionyeshe.

Wa pili atatupinga kwa njia nyingine, naye anatutia hofu zaidi. Atasema: Vema, mmesema kweli, Wanyarwanda ndio batumbula, Waganda ndio batumbula, tuwafukuze. Huyo hakutusoma. Tulimwambia mwanzoni neno hili limefanya nini Buguruni na Chamwino. Muuza viazi sokoni anayesema Kinyarwanda hakupiga mzinga hata mmoja. Mkulima wa Mbarara hakuona hata kipande cha almasi. Tunasema juu ya majeshi mawili na juu ya wakubwa waliotoa amri. Basi, hakuna mwingine. Tena anayetaka kuanza kufukuza, aanzie nyumbani kwake, maana batumbula wote wana wasaidizi wa hapo hapo, na wasaidizi wa Kisangani walikuwa Wakongomani, wenye vyuo na tai shingoni. Walikaa upande huu na upande ule wa daraja, walitia sahihi zao, na mwaka 2003 wengine wao walipata viti vizuri katika serikali ya Kinshasa.

Na deni?

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio nambari 1304, likasema Uganda na Rwanda walipe kwa ajili ya watu waliokufa na mali iliyoharibika Kisangani. Maneno mazuri. Kongo ikapeleka mashitaka kwenye Mahakama ya Haki ya Kimataifa, kule La Haye. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ikaihukumu Uganda kuwa na hatia. Lakini tarehe 3 Februari 2006 mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba haiwezi kuisikiliza kesi juu ya Rwanda, kwa kuwa Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo. Si kwamba haina kosa. Ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo, katika ugomvi wa watu wawili walioubomoa mji mmoja, mmoja amehukumiwa na mwenzake hakuulizwa jina lake. Alama ya tano ya mutumbula, msomaji ataikumbuka.

Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikapima malipo ya Uganda: dola milioni 325, ni kusema 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, na 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi uliochukuliwa. Si Kisangani peke yake, bali na Ituri na mahali pengine. Zilipwe mara 5, milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Septemba 2022 Uganda ikalipa sehemu ya kwanza. Tunasema bila kuona haya: katika habari hii yote, tarehe hiyo ndiyo ya kwanza ambapo mmoja wa wale wawili alifanya jambo la haki, hata kama alisukumwa.

Fedha zikafika Kongo. Na hapa, wasomaji wapenzi, kalamu yetu inakuwa nzito, kwa maana kusema juu ya jirani ni rahisi.

Serikali ya Kongo ilikuwa imeanzisha mwaka 2019 mfuko unaoitwa FRIVAO, wa kuwagawia wale walioumizwa. Kazi yake ni moja tu. Miaka ikapita, wakubwa wa mfuko wakaondolewa, wengine wakawekwa, orodha zikaandikwa, zikatupwa, zikaandikwa upya. Kisha mwaka 2025 nchi nzima ikasikia habari ya dola milioni 19 zilizotolewa kutoka fedha hizo, ikisemwa ni za kujenga gereza jipya Kisangani. Septemba 2025 mahakama kubwa ya Kinshasa, Cour de cassation, ikamhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka 3 ya kazi ngumu kwa ajili ya fedha hizo. Yeye mwenyewe alikana mpaka mwisho, na tunaliandika hilo pia. Lakini hata tukiacha habari ya mtu mmoja, lisikieni jambo lenyewe: fedha zilizotoka katika mifupa ya watu wa Tshopo na Mangobo, na mtu wa serikali anafikiri zinaweza kuwajengea gereza. Hata katika masimulizi ya Kolwezi hatukupata kusikia mutumbula wa namna hiyo, anayesubiri wawili wa kwanza waondoke, akaja na karatasi na muhuri kunyonya kidonda kilichobaki.

Kwa hiyo tunapoambiwa: Yamepita, tusameheane, tunauliza nani anasema. Kama ni mjane anayesema, tunavua kofia. Lakini kila mara tunaposikia neno hilo linatoka kwa mtu mwenye ofisi, na mwenye ofisi haidai Uganda wala Rwanda kitu chochote chake mwenyewe. Anasamehe deni la mtu mwingine. Ni ukarimu wa bei nafuu sana.

Tunataka mambo ambayo si makubwa. Orodha ya waliokufa itundikwe katika kila komini, kila mtu aisome na kusema: huyu ndiye, yule siye. Kila dola iliyotoka katika mfuko iandikwe, nani aliipokea na siku gani, tena kwa lugha ambayo watu wa Mangobo wanaisoma. Serikali ya Kinshasa isiache kuitaja nusu ya pili ya deni, ile ya Rwanda, kila mara inapokaa mezani na Rwanda. Azimio 1304 lina majina mawili, si moja. Na wale waliokuwa wasaidizi, wanaoishi bado, wangeweza kuanza kwa kusema walikuwa wapi asubuhi ya tarehe 5 Juni.

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile, akiwa amelala chini ya kitanda katika komini ya Tshopo, mwaka 2025 alikuwa na miaka 33. Pengine ana watoto. Pengine anao bado, ndani ya mfuko wa plastiki, ushahidi wa daktari na picha ya baba yake, na kila mfuko wa malipo unapofungua dirisha anauchukua na kwenda kupanga mstari. Mwembe alikomzika baba bado unazaa.